Kovu la Kabange

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, mwanangu Dorothée aliweka kompyuta yake juu ya meza ya mwalimu, akaigeuza kioo kitutazame, kisha akaenda kusimama karibu na mlango kama mtu aliyemleta mgonjwa kwa daktari na anaogopa kusikia jibu. Tulikuwa akina mama kumi na tisa katika darasa letu la kusoma na kuandika. Mwalimu Kasanda alikuwa amekubali, baada ya kubembelezwa asubuhi nzima, kutupa muda wa somo ili tutazame filamu.

Wazo la kuileta filamu darasani lilikuwa langu.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, Dorothée na wenzake walitengeneza filamu yao ya kwanza, "Kabange wa Kisimani". Ilikuwa habari ya zamani za babu zetu, ya mtu aliyenyang'anywa shamba, akafa kwa uchungu, akawa anatoka kisimani kuwasumbua waliomdhulumu. Mji wetu wote wa Kamina uliitazama. Watu waliitazama katika ukumbi wa parokia, wakaitazama kwenye simu, ikafika hadi mji wa Kabongo. Kwa mwezi mzima watoto wa mtaa wetu walikataa kwenda kuchota maji wasiposindikizwa. Mwishoni mwa filamu ile wanakijiji walimfungia Kabange ndani ya nyumba yake, wakaichoma, wakakusanya majivu, wakayamwaga mtoni. Hakuna aliyetoka ukumbini na shaka. Kabange alikuwa amekwisha.

Lakini watu walimtaka tena. Walimdai Dorothée sokoni, walimdai kanisani. Akaandika sehemu ya pili, "Kabange Amerudi", akaipiga picha kwa miezi minane, na Jumapili ilikuwa ndiyo siku ya kuionyesha, baada ya misa ya pili.

Taabu ilianzia kwa Lumbu. Huyo ndiye aliyemwigiza Kabange katika filamu ya kwanza, kijana mrefu kama mlingoti, mwenye macho ya kutisha hata anapocheka. Alikuwa amehamia Kabongo, anapiga picha za harusi. Nafasi yake ilichukuliwa na Kayembe, fundi wa baiskeli, mtu mwema sana, ambaye kichwa chake kinafika begani mwa Lumbu. Juma lile Dorothée alikuwa ameniambia maneno ambayo sikuweza kuyaweka chini.

"Mama, wakitucheka Jumapili, kamera nauzisha. Lumbu anakuja siku ile ile. Tulishaelewana naye. Ataibeba Kabongo, na mambo ya filme itakwisha."

Kamera ile aliipata kwa kutengeneza simu za watu miaka miwili, ameinamia vidude vidogo mpaka shingo ikawa inamuuma. Nami nilikuwa nimekwisha kuitazama filamu mpya siku ya Jumatano, peke yangu naye. Niliona kwamba haikukaa sawa. Aliponiuliza, nilisema ni nzuri. Mama humwogopa mtoto wake kwa namna yake. Ndiyo sababu niliipeleka kwa wenzangu, ambao hawakuwa na woga huo.

Hawakuwa nao hata kidogo.

Dakika ya tatu, Kayembe alipotoka kisimani amepakwa majivu, Mama Zaina alinyanyua mkono. Mama Zaina ni mfanyabiashara wa vitenge, familia yao ilitoka Maniema tangu zamani, na jicho lake haliachi kitu kipite.

"Mwalimu, pardon. Huyu ni nani?"

"Ni Kabange," nikajibu.

"Kabange gani? Kabange alikuwaka murefu. Huyu maji ya kisima ilimupunguza?"

Darasa likacheka. Dorothée akatazama viatu vyake.

"Na kovu," akasema mama mwingine kutoka nyuma. "Ilikuwa shavu ya kushoto. Minyi mwenyewe naikumbuka, nililota nayo. Sasa imevuka, imeenda kuume."

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Tazameni habari yenyewe."

Wakatazama. Lakini habari yenyewe ilikuwa na matundu kama kapu la zamani. Katika sehemu ya kwanza Kabange alikimbia chumvi. Ukimtupia punje tatu tu, anapiga kelele na kurudi kisimani. Katika sehemu ya pili aliketi jikoni kwa mjane, akala samaki wa chumvi wa Kabondo-Dianda mpaka akalamba vidole. Nyumba iliyochomwa ikawa majivu ilikuwa imesimama pale pale, na mapazia yake yale yale yenye maua. Kuku aliyechinjwa asubuhi alipita uani jioni. Na katika tukio la kutisha kuliko yote, Kabange aliponyosha mkono dirishani kumkamata yule mjane, mkono wake ulivaa saa.

"Saa ngapi pale?" akauliza Mama Zaina. "Muulizeni, naona marehemu anachelewa mahali."

Tulicheka mpaka Mwalimu Kasanda akavua miwani kufuta macho. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwona Dorothée. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Mama Dorothée," akaniambia Mama Zaina kwa sauti ya chini, "mutoto analia?"

"Bado," nikasema. "Lakini yuko njiani."

Mwalimu Kasanda ni mtu wa utaratibu. Alizima kompyuta, akagonga meza, akasema kwamba kicheko si somo, na kwa kuwa tulikuwa tumetumia muda wa somo, tutaurudisha. Kila mmoja wetu aandike swali moja tu kuhusu filamu, sentensi kamili, yenye alama ya kuuliza mwishoni. Akagawa karatasi. Alipofika kwa Mama Nyembo, alimpa mbili bila kuombwa.

Inafaa nieleze jambo hili. Mama Nyembo ndiye mkubwa wetu darasani, na amezaa mapacha. Kwetu Waluba mapacha hawachaguliwi majina. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange, basi. Na ukimpa mmoja kitu, humwachi mwenzake mikono mitupu. Ukileta shati, unaleta mashati mawili. Ukisalimia mmoja, unauliza wa pili. Watoto wa Mama Nyembo sasa ni watu wazima wenye ndevu, lakini yeye alibaki na mazoea yale. Ukimpa andazi moja hulitazama kwanza, halafu anakutazama wewe. Kalamu anachukua mbili. Chaki anachukua mbili. Mwalimu alikwisha kuchoka kubishana naye tangu mwezi wa kwanza.

Tuliandika. Mama Nyembo aliandika akiwa ameung'ata ulimi, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda mbegu na kuzifunika. Sisi wote tulipokuwa tumemaliza, yeye alikuwa bado kwenye neno la pili.

Mwalimu akasoma karatasi kwa sauti. Kovu lilivukaje? Nani alijenga nyumba tena? Chumvi ilipoteza nguvu lini? Majivu yalitokaje mtoni? Kila swali lilipokuwa likisomwa, Dorothée alizidi kuinama, na mimi nilitamani kuzila karatasi zile zote ili zisiendelee.

Ya mwisho ilikuwa ya Mama Nyembo. Mwalimu aliisoma kimya, akairudia, halafu akaisoma kwa sauti.

"Kyungu iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Tulimgeukia Mama Nyembo. Alikuwa ameshika karatasi yake ya pili, ambayo haikuwa na kitu.

"Ndiyo, njo swali yangu," akasema. "Tangu filme ya kwanza ninangoja. Wanalia Kabange, Kabange, wanakimbia Kabange, wanachoma Kabange. Hakuna hata muntu moja anauliza kaka yake. Minyi nilisema, labda hawa batoto wanamuficha kwa ajili ya la suite, ile sehemu ya pili. Sasa la suite imekuja, na Kyungu haiko."

"Mama," akasema Dorothée kutoka mlangoni, "ni jina tu. Nililipenda namna linavyolia. Siku hizi bantu wengi wanaitwa Kabange juu ya jina ya babu yao."

"Siku hizi, ndiyo. Filme yako ni ya siku hizi?"

Dorothée akatazama kompyuta iliyozimwa. Filamu yake ilikuwa ya wakati wa babu zetu, ambapo hakuna aliyeitwa Kabange pasipo mwingine kumtangulia kutoka tumboni. Alilijua hilo. Nililijua mimi, niliyemshonea mavazi ya sehemu zote mbili. Kamina nzima ililijua, na kwa miaka miwili hakuna aliyeliwaza ila mwanamke mmoja anayechukua chaki mbili.

Nilimwona mwanangu akiachia kitasa.

"Mama Nyembo," akasema polepole, "kama ule wa kwanza alikuwa Kabange, na tulimuchoma kweli, na majivu ilienda na maji..."

"Basi huyu mufupi ni nani?" akamalizia Mama Zaina, akasimama. "Yo! Huyu ni Kyungu! Amekuja kumulipizia mudogo wake!"

Ukiwahi kuona sufuria ya maziwa inavyochemka ghafla na kumwagika pande zote, utajua darasa letu lilivyokuwa. Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. "Na chumvi?" akauliza mmoja. "Kabange njo hakuweza chumvi, Kyungu anaweza!" "Na nyumba?" Mama Nyembo akajibu kana kwamba ni jambo la kushangaza kuulizwa: "Mama yao alijenga mbili. Ungemujengea moja, mwingine alale wapi? Na pazia unanunua pamoja, kitambaa kimoja, unakata katikati."

"Na kovu, mama?" akauliza Dorothée. Sasa alikuwa amekaa sakafuni mbele yake, na daftari magotini. "Shavu moja ya kushoto, moja ya kuume?"

Mama Nyembo alifikiri. Akainua mikono yake miwili, viganja vikitazamana.

"Waliwachanja siku moja, wamekaa hivi, uso kwa uso. Ili kila mmoja, akitazama mwenzake, ajione."

Dorothée aliandika maneno hayo kama yalivyo. Halafu akauliza, kwa adabu aliyofundishwa nyumbani na asiyoitumia kila siku, kama Mama Nyembo angekubali kuwa mama wa Kabange na Kyungu kwa dakika mbili.

"Mbele ya ile kamera?"

"Ndiyo, mama."

"Utanipiga picha mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema Dorothée, na darasa zima likapiga vigelegele.

Jumamosi asubuhi tulipiga picha tukio la Mama Nyembo uani kwangu. Mama Zaina alitoa kitambaa cheupe kutoka dukani, akasema ni cha kuazima, kisha akakata kipande kizima bila kupima. Tulimpaka Mama Nyembo pemba, ule udongo mweupe wa sherehe za mapacha, usoni na mikononi. Aliketi juu ya kiti kidogo mbele ya vibuyu viwili, akatazama mbele, akasema maneno yake pasipo kukosea. Kayembe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamera ameshika ubao wa kurudisha mwanga, alirudi nyuma hatua mbili, na mwanga ukarudi naye.

Ilibaki kuamua mahali pa kuliweka. Dorothée alitaka liwe mwanzoni kabisa, ili mtu asipate nafasi ya kucheka. Nikamkumbusha yaliyotokea darasani.

"Sisi tulifurahi kwa sababu tuliuliza kwanza," nikamwambia. "Waache waulize. Wajibiwe katikati."

"Na wakinicheka kabla ya katikati?"

"Wakikucheka, mimi nitakuwa nimeketi mstari wa mbele, na nina sauti."

Akarudi kwenye kompyuta. Akaliweka katikati.

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, wakiwa wamekalia ncha za vitenge tulivyokuwa tumetundika kuzuia jua. Jenereta ilinguruma nje. Lumbu alikuwa amefika kwa pikipiki kutoka Kabongo, amevaa suti ya harusi, na begi tupu la kamera limening'inia begani. Aliketi nyuma yangu. Begi lile liligusa mgongo wangu kila alipojigeuza.

Kayembe akatoka kisimani.

"Eh!" Lumbu akaita kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Huyu ni minyi? Nilikunywa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Likaja tukio la samaki wa chumvi. "Chumvi hiyo! Chumvi hiyo! Mutupieni ingine!" Ikaja nyumba yenye mapazia. "Lakini minyi nilikufaka!" akaita Lumbu, amesimama, akijipiga kifua. "Munaniona? Nilichomwa! Nyumba yenyewe nilichomwa nayo! Bantu ya Kamina, si mulikuwa hapa?" "Tulikuwa!" wakajibu. Akaketi ameridhika, akipangusa suti yake.

Nilimtafuta Dorothée kwa macho; hakuwa ndani. Alikuwa amekwenda kusimama nje karibu na jenereta, ambapo hakuna kinachosikika. Nilifungua kinywa nitumie ile sauti niliyomwahidi. Mama Zaina akanibana mkono. "Ngoja," akasema. "Ni sasa."

Kwenye kitambaa kikubwa cheupe ukaonekana uso wa Mama Nyembo, mweupe kwa pemba, mkubwa kama mlango wa kanisa. Alitazama ukumbi wote. Aliuacha ucheke mpaka uchoke mwenyewe. Halafu akasema:

"Munacheka. Mulimuita Kabange, mukamuzika Kabange, mukamuchoma Kabange. Hakuna mwenye aliniuliza. Niliwazaa wawili. Mulichoma mudogo. Sasa mukubwa wake amekuja, na munamuambia ni mufupi."

Waliokuwa wamesimama wakaketi. Kisha mzee mmoja kule nyuma akasema, polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto nyumbani: "Yo, yo, yo. Kyungu."

"Kyungu!" mwanamke akalia, na ukumbi mzima ukapiga ukelele. Watu waliokaa madirishani walianguka ndani. Vitenge vikaanguka pamoja nao, jua likaingia, watu wakavitundika tena kwa haraka kwa sababu hawakutaka kukosa hata kidogo. Kuanzia hapo Kayembe alikuwa akitokea tu, nao wanashikana. Ufupi wake ndio uliowatisha sasa, kwa maana kila walipomwona mfupi walikumbuka ni nani.

Ikafika saa ya dirishani. Niliifahamu, nikafumba macho. Mkono ukanyoshwa, saa ikang'aa, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti nyembamba: "Na ile saa?"

Kabla sijafumbua macho, sauti ya Lumbu ikajibu nyuma yangu, yenye furaha kuliko zote:

"Mama alinunua mbili!"

"Mbili!" ukumbi ukaitika. Hapo tena hakuna kilichoweza kuiharibu filamu. Kuku aliyechinjwa alipopita uani, watu mia tatu waliita kwa pamoja, "Alikuwa pacha!" wakapiga makofi kama wameliandika tukio hilo wenyewe. Nilitoka nje mbio, nikamvuta Dorothée kwa mkono, nikamwingiza ndani ili asikie. Alisimama mlangoni amefunika kinywa kwa viganja vyote viwili.

Taa zilipowashwa, Mama Nyembo aliitwa mbele. Alikwenda, amevaa nguo yake ya kanisani, na mkononi alimshika Kayembe. Alipofika, aligeuka, akatafuta katika watu, akanyosha mkono wa pili.

"Na mwingine?" akasema.

Lumbu alijifanya hasikii. Watu wakamsukuma. Akapanda na suti yake, akainama ili ashikwe mkono na mwanamke anayemfikia kwenye mbavu, na pale juu, mbele ya wote, yule mwenye macho ya kutisha alianza kulia, na Dorothée akawapiga picha.

Baadaye, watu walipokuwa wakitoka, alimjia Dorothée na lile begi tupu.

"Sasa, dada. Na kamera, tunafanya je?"

"Kamera inabaki," akasema Dorothée.

"Tulielewana."

"Tulielewana kama watanicheka."

"Walicheka! Minyi mwenyewe niliwachekesha!"

"Weye ulikufaka," akasema Dorothée. "Marehemu hanunui kamera."

Lumbu alicheka mpaka akashika ukuta. Akalifunga begi lake, akauliza tu kama anaweza kupata picha ile ya yeye, Kayembe na mama yao, ya kupeleka Kabongo aitundike dukani kwake.

Siku ya Jumatatu darasani, kabla ya somo, Dorothée alikuja na bahasha. Alimpa Mama Nyembo picha yake iliyochapwa kwenye karatasi ngumu, amepakwa pemba, ametulia kati ya vibuyu viwili. Mama Nyembo aliipokea. Akasoma jina lake lililoandikwa chini, herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti, mpaka mwisho. Halafu, kama tulivyojua sote, akainua macho na kunyosha mkono wa pili.

Dorothée alikuwa amekwisha kuitoa ile ya pili.